Simama Nyuma ya Mashine: Jinsi ya Kuonekana Fundi wa Sono Lubumbashi

Umekabidhiwa sono. Labda ni ya kanisa lenu kule Katuba, labda ni ya harusi ya binamu yako Kampemba, labda ni ya kilio katika komini ya Kenya, ambako familia imekodi mabafle mawili na ampli iliyochoka. Hujui kitu. Anayejua amesafiri kwenda Kolwezi, na jioni watu watajaa kwenye viti vya plastiki wakikutazama wewe. Usiogope, ndugu yangu. Niko upande wako.

Sikia siri ambayo mafundi hawaitangazi. Mbele ya mashine kuna taa, vitufe vya kuzungusha na vitelezi vinavyong'aa, na kila kijana anayetaka kuonekana hukimbilia huko kupigwa picha. Sauti yenyewe inapita nyuma. Huko nyuma kuna matundu tu, aina zake ni chache, na hayabadiliki sana kutoka mashine moja hadi nyingine. Ukiyajua matundu, utatoa sauti kwa meza usiyowahi kuiona maishani. Aliyekariri vitufe vya meza moja tu hukwama siku ile ile anapobadilishiwa meza.

Sote tunapenda kuonekana tunajua. Hilo halina dhambi. Nitakufundisha njia ya mkato ya kupata jina, na njia hiyo inaanzia nyuma.

Hatua ya 1: Fika kabla ya wageni na upige picha

Fika mapema kuliko wapishi. Wakikuuliza sababu, jibu kwamba unataka kuusikiliza ukumbi kwanza. Watakuheshimu na kukuacha peke yako, na upweke ndio unaouhitaji kwa sasa.

Geuza kila kisanduku. Piga picha ya mgongo wake kwa simu yako, na kama kuna nyaya zilizokwisha kuchomekwa, usizichomoe kabla ya kuzipiga picha. Hiyo ndiyo ramani yako. Usiku, mtoto akijikwaa na kung'oa kebo tatu kwa mpigo, utafungua picha, utarudisha kila kitu mahali pake, na watu watasema una akili ya kukumbuka.

Kisha kariri maneno mawili yaliyoandikwa kwenye karibu kila tundu: IN na OUT. Sauti huingia IN, hutoka OUT, na kila OUT huelekea IN ya kisanduku kinachofuata. Msafara ni huu: mikro, meza ya kuchanganyia sauti, ekwalaiza, kigawanya sauti, ampli, bafle. Useme kimoyomoyo mara kadhaa kama unavyosema namba ya simu ya mama yako. Mashine ikikuchanganya, jiulize maswali mawili tu: sauti inaingilia wapi, na inatokea wapi?

Hatua ya 2: Jifunze kuchomeka gizani

Tundu la kwanza kulijua ni la duara lenye sehemu tatu za kugusana. Linaitwa XLR. Mafundi waliosomea kwa Kifaransa huliita Cannon, kwa jina la James Cannon, aliyeanzisha kampuni yake ya vifaa vya umeme Los Angeles mwaka 1915. Ndilo tundu la kazi rasmi: mikro nzuri inalo, meza inalo, mabafle yenye ampli ndani yanalo.

Kanuni yake ni moja. Sauti hutoka upande wenye miguu na huingia upande wenye vishimo. Tazama sehemu ya chini ya mikro: utaona miguu mitatu, maana sauti inatoka hapo. Tazama mahali pa mikro kwenye meza: utaona vishimo vitatu, maana sauti inaingia hapo. Tazama MAIN OUT ya meza: miguu tena.

Kanuni hiyo utaisoma hata kwa kidole. SNEL wanapokata umeme na ukumbi ukaingia giza, wengine watatafuta tochi. Wewe pitisha kidole gumba nyuma ya meza. Ukihisi miguu, hapo ni kutoka. Ukihisi vishimo, hapo ni kuingia. Endelea kuchomeka kimya kimya gizani huku watu wakikusikia unavyofanya kazi. Jenereta ikiwaka, wewe umemaliza. Jina lako limeanza kutembea.

Jambo dogo linalowaaibisha wengi: kabla ya kuchomoa XLR, bonyeza kile kichuma kidogo pembeni ya tundu. Anayevuta kwa nguvu bila kubonyeza hujulikana papo hapo kuwa ni mgeni wa kazi.

Na mtu akikuuliza kwa nini kebo hii ina nyaya tatu wakati gitaa lina mbili, mpe jibu hili polepole. Mguu wa 1 ni ngao inayozizunguka nyaya nyingine. Mguu wa 2 unabeba sauti ilivyo. Mguu wa 3 unabeba sauti ile ile ikiwa imepinduliwa juu chini. Kelele za njiani, za jenereta au za taa, huingia katika nyaya zote mbili kwa namna moja. Mashine inayopokea huugeuza tena ule wa 3 na kuujumlisha na wa 2: sauti inaongezeka maradufu, kelele zinafutana. Ndiyo sababu kebo ya XLR inatoka jukwaani hadi kwenye meza, mita 30 au zaidi, bila kuokota uchafu. Jibu lote ni la nusu dakika, na kila neno ndani yake ni kweli. Hakuna majivuno matamu kuliko hayo.

Hatua ya 3: Hesabu pete za jeki

Jeki kubwa, ile ya milimita 6.35, ni mzee kuliko sote. Ilizaliwa katika karne ya 19 kwenye vituo vya simu, ambako wahudumu waliunganisha wateja kwa kuchomeka na kuchomoa kutwa nzima. Hadi leo gitaa, kinanda na ekwalaiza nyingi zinaitumia.

Njia ya mkato ya kuijua ni kuhesabu pete nyeusi kwenye ncha. Pete moja ni kebo ya gitaa: waya mmoja wa sauti na ngao yake. Pete mbili: nyaya mbili na ngao, kwa hiyo inaweza kufanya kazi ile ile ya XLR. Kwa nje zinafanana kabisa, na hapo ndipo wenye haraka huanguka. Ukichukua kebo ya pete moja kupeleka sauti mbali, itaokota kila kelele ya mtaa. Isizidi mita chache. Gitaa likiwa mbali na meza, tumia kisanduku cha DI: jeki inaingia upande huu, XLR inatoka upande ule, na kebo ndefu inaanzia hapo.

Lakini si kila ala ina tundu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, Likasi ya leo, na gitaa lake kavu halikuwa na tundu hata moja. Mikro ilifanya kazi yote. Kumbuka hilo siku utakapoletewa karindula. Ni pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi juu yake, ubao mrefu na nyuzi nne; usipoteze muda kulizunguka ukitafuta pa kuchomeka. Weka mikro karibu na ngozi, sogeza kidogo kidogo huku mpigaji akipiga, na simama pale mlio wa chini na wa juu unapolingana. Kila kitakachobadilika utakisikia kwa sikio lako.

Sasa mtego. Kwenye meza nyingi kuna tundu la jeki limeandikwa INSERT. Linaonekana sawa na majirani zake, lakini lenyewe linatoa sauti na kuipokea kwa plagi moja: kwa kawaida ncha inapeleka sauti kwenye mashine ya nje, pete inairudisha. Ukichomeka hapo jeki ya gitaa, njia ya kurudi inaunganishwa na ngao na chaneli yote inanyamaza. Sasa unajua namna ya kushinda ubishi. Watu wamezunguka chaneli bubu wakitikisa mikro na kupuliza "alo, alo". Wewe pita nyuma, chomoa jeki kwenye INSERT, ondoka bila kusema neno.

Hatua ya 4: Mpokee bwana harusi na simu yake

Atakuja. Daima anakuja dakika ya mwisho, na wimbo wa kuingilia uko ndani ya simu.

Simu, kompyuta na mashine za nyumbani zinazungumza kwa sauti ndogo kuliko vifaa vya kazi. Vifaa vya kazi vinakadiriwa kwa volti 1.23. Vifaa vya nyumbani, vile vyenye matundu ya RCA mekundu na meupe, vinakadiriwa kwa volti 0.316, yaani takriban robo. Kwa hiyo muziki wa simu ukitoka mnyonge, hakuna kilichoharibika. Ongeza GAIN ya chaneli hiyo kwenye meza. Usikimbilie ampli, maana mtu akishika mikro baadaye utakuwa umewapasua masikio akina mama wa mstari wa mbele.

Epuka pia kebo moja iliyojaa mitaani: upande mmoja jeki ndogo ya simu, upande wa pili XLR moja. Mara nyingi fundi aliyeichomelea ameweka sauti ya kushoto kwenye mguu wa 2 na ya kulia kwenye mguu wa 3. Ulisoma hatua ya 2, kwa hiyo unajua kitakachotokea: meza itaupindua mguu wa 3 na kuujumlisha. Kila kilichokuwa sawa kushoto na kulia kitafutika, na katika nyimbo nyingi kinachokaa sawa pande zote mbili ni mwimbaji. Bwana harusi ataingia na magitaa yanalia kwa mbali, bila sauti ya mtu. Tumia kebo inayogawanyika: simu upande mmoja, jeki mbili upande wa pili, chaneli mbili za meza. Uwe nayo mfukoni siku zote. Ni kebo ndogo inayojenga jina kubwa.

Hatua ya 5: Bonyeza 48V kwa heshima

Kwenye meza kuna kitufe cha 48V. Usikibonyeze ili kuona kinafanya nini.

Mikro nyembamba za kwaya, zile za kondensa, zinahitaji umeme kidogo ili zifanye kazi, na umeme huo hupanda kupitia kebo ile ile inayoleta sauti. Kampuni ya Neumann ya Ujerumani iliuweka kwenye volti 48 mwaka 1966, ilipokuwa ikiitengenezea redio ya Norwe mikro zake. Studio za huko zilikuwa tayari na umeme wa volti hizo kwa taa za dharura. Dunia nzima ikafuata. Fikiria hilo kwaya ya kanisa lako inapoanza kuimba: mpango wa taa za Norwe umefika Ruashi.

Utaratibu ni huu. Shusha kitelezi cha chaneli hadi chini. Bonyeza. Ngoja sekunde chache. Pandisha taratibu. Ukibonyeza kitelezi kikiwa juu, mabafle yatapiga mshindo na ukumbi mzima utageuka kukutazama. Mikro za kawaida za kushika mkononi hazidhuriki kama kebo ni nzima. Ila kompyuta na simu usizichomeke kwenye tundu la XLR lenye umeme huo. Zipeleke kwenye jeki za LINE.

Hatua ya 6: Heshimu kebo ya bafle

Kuanzia nyuma ya ampli mambo yanabadilika. Mpaka hapo ulikuwa unashughulika na umeme mdogo. Kinachotoka kwenye ampli kinasukuma bafle zito, na kinaweza kuunguza vitu.

Tundu lake la kisasa ni Speakon, lililotengenezwa na Neutrik wa Liechtenstein mwaka 1987. Ingiza, zungusha kulia, usikie "tak". Wengi huingiza wasizungushe, kisha hutangaza kwamba bafle limekufa. Bafle la namna hiyo usilipeleke kwa fundi. Lizungushie plagi yake tu.

Usiunganishe ampli na bafle kwa kebo ya gitaa hata kama jeki inaingia vizuri. Waya wake ni mwembamba, utapata moto, na sauti itapotelea njiani. Na soma namba ya ohm nyuma ya kila bafle. Mabafle mawili ya ohm 8 yakiunganishwa pamoja kwenye tundu moja yanakuwa ohm 4. Manne yanakuwa ohm 2, na ampli nyingi hazikubali kushuka hadi hapo. Mwenye harusi akikuambia uongeze mabafle mengine mawili ili majirani wasikie, mwonyeshe namba iliyoandikwa nyuma ya ampli. Maandishi ya kiwandani yatamshawishi kuliko maneno yako.

Kuhusu kebo zenyewe, sisi watu wa Lubumbashi tusikubali kudanganywa. Shaba iliyeyushwa hapa tangu 1911, na bomba la kiwanda linaonekana bado likiwa limesimama kando ya kilima cheusi cha mabaki. Halafu tunauziwa kebo za aluminiamu zilizopakwa shaba kwa nje! Aluminiamu hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya shaba, na huvunjika mapema ikikunjwa kunjwa. Ukiwa dukani, omba kuona ncha ya waya, kwangua uzi mmoja kwa wembe na uutazame mwangani. Ukiwa mwekundu mpaka ndani, nunua. Ukitokea mweupe, rudisha kwa adabu. Muuzaji atajua kwamba huyu si wa kuchezewa, na kuanzia siku hiyo atakutolea mzigo wa nyuma ya duka.

Hatua ya 7: Kigawanya sauti, mahali pa kupata au kupoteza pesa

Katika sono kubwa utakuta kisanduku chembamba kati ya meza na ampli. Kinapokea sauti nzima na kuigawa: LOW kwa mabafle makubwa ya besi, MID kwa ya kati, HIGH kwa vile vispika vidogo vya sauti nyembamba. Kwa nyuma matundu hayo matatu ni XLR zinazofanana kabisa, na herufi zake ni ndogo kama za kwenye dawa.

Ukiipeleka besi kwenye vispika vya HIGH, vitaungua, na aliyekodisha atataka alipwe. Kwa hiyo fanya hila ya mafundi wote: tepu ya rangi. Nyekundu kwa LOW, njano kwa MID, buluu kwa HIGH. Bandika rangi kwenye tundu la kigawanya, kwenye ncha mbili za kebo, kwenye ampli na kwenye bafle. Kisha cheza muziki kwa sauti ndogo sana na utembee kutoka bafle hadi bafle ukiliwekea kiganja. Besi utaisikia kwenye ngozi ya mkono. Watu watadhani unaibariki sono, waache wadhani.

Katika baadhi ya visanduku vipya kuna XLR iliyoandikwa AES. Umbo ni lile lile, lakini humo sauti inapita kwa tarakimu, kwa mfumo uliowekwa mwaka 1985. Mikro ukiichomeka hapo haitasikika. Tundu linalofanana na la intaneti likiandikwa Dante, ni njia ya kupitisha chaneli nyingi kwa kebo moja, iliyotoka Australia mwaka 2006. Kama hujaambiwa litumiwe, lipite tu.

Na jua mpangilio wa kuwasha. Meza kwanza, ampli mwisho. Kuzima ni kinyume: ampli kwanza, meza mwisho. Umeme ukikatika ghafla, kimbia ukazime ampli kabla jenereta haijawashwa, kwa sababu umeme ukirudi kwa vyote kwa pamoja, mshindo wa meza utatua moja kwa moja kwenye mabafle. Wengine watabaki wanawalaumu SNEL. Wewe kimbia.

Hatua ya 8: Hapa pekee usitafute njia ya mkato

Utasikia mvumo mnene chini ya muziki, "uuuu" isiyoisha. Huo ni umeme wa hertz 50 umeingia kwenye sauti, mara nyingi kwa sababu meza inakula umeme kutoka ukuta mmoja na ampli kutoka ukuta mwingine. Lisha vyote kutoka chanzo kimoja. Kama mvumo unatoka kwenye gitaa au kinanda, tafuta kitufe cha LIFT kwenye kisanduku cha DI na ukisukume. Ondoa nyaya za umeme zilizolala sambamba na kebo za sauti. Zikibidi kukutana, zivukane kwa pembe mraba.

Kuna mtu atakunong'oneza dawa nyingine: kata ule mguu wa tatu wa plagi ya umeme, waya wa ardhi, mvumo utakoma. Ni kweli, utakoma. Na kuanzia hapo mwili wa mwimbaji ndio utakaokuwa waya wa ardhi. Mwaka 1972 Leslie Harvey, mpiga gitaa wa kundi la Stone the Crows, alikuwa jukwaani mjini Swansea, Wales, akashika mikro yenye hitilafu ya waya wa ardhi, akafa mbele ya watu waliokuja kumsikiliza. Sisi tunapiga muziki uani, miguu kwenye udongo uliolowa mvua za Desemba, mkono mmoja kwenye nyuzi, midomo kwenye mikro. Kataa. Kataa hata kama anayekuambia ni mkubwa wako, hata kama mvumo utabaki hadi asubuhi. Mwambie: "Yaya, mvumo hauui mtu." Kisha endelea kutafuta chanzo chake.

Hatua ya 9: Shindwa kwa utulivu

Siku moja itanyamaza. Katikati ya maombi, katikati ya hotuba ya mjomba, kimya. Hapa ndipo wanaojua hutofautiana na wanaojifanya, kwa hiyo fanya kama wanaojua.

Usizungushe kitufe chochote. Anza katikati ya msafara: taa za meza zinacheza mtu anapoongea? Zikicheza, mikro na kebo yake ni nzima, shida iko mbele, kati ya meza na bafle. Zisipocheza, shida iko nyuma, kati ya mdomo na meza. Umeshaondoa nusu ya matatizo kwa kutazama tu. Igawe tena nusu iliyobaki. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, na uanze na kebo, maana kebo hufa mara nyingi kuliko mashine.

Lakini mlio mkali wa larseni hautibiwi kwenye matundu. Mikro inasikia bafle, bafle linarudia mikro. Sogeza mabafle mbele ya waimbaji, mikro isiyatazame, shusha kidogo.

Wakati wote huo papa pasta atakutazama. "Sauti iko?" Usimweleze habari za mguu wa 2 na wa 3. Mjibu, "Iko, Papa Pasta. Muanze tu," pindi itakapokuwa ipo kweli. Kabla ya hapo inua kiganja kimoja, dakika moja, na usikimbie ukumbini. Anayetembea polepole huaminiwa.

Hatua ya 10: Pokea sifa, kisha toa siri

Sherehe ikiisha, kunja kebo kwa mizunguko mipana, kamwe usizifunge kwenye kiwiko kama kamba ya mbuzi. Chora msafara wote kwenye karatasi, kwa rangi zile zile za tepu, na uibandike ndani ya kifuniko cha sanduku. Sono inayoweza kuendeshwa na mtu mmoja tu ni mzigo wa jumuiya. Akiugua, harusi inageuka mkutano wa kelele.

Watakuja kukusifu. Zipokee sifa zote, umezifanyia kazi. Na katika hao watakaokusogelea kutakuwa na kijana mmoja ambaye hatazami taa za mbele. Amechungulia nyuma, anataka kujua kwa nini kebo hii ni ya buluu. Huyo mshike. Mpe tochi. Mwonyeshe miguu na vishimo, mhesabishe pete, mkwanguze waya kwa wembe, mwambie habari za waya wa ardhi mara mbili. Jumamosi ijayo mwachie meza mchana, wageni wakiwa bado wachache, nawe uende kula bukari ingali moto.